Mama Ametoka Vizuri

Chumba cha mama kilikuwa chembamba, na ili Kidole apate picha ilimbidi aegemee kabati, avute tumbo ndani na ashike pumzi. Kamera yake ndogo, ya mkanda, ilikuwa na sharti moja: haikumwona sawasawa mtu aliye karibu zaidi ya hatua moja ndefu. Ukimsogelea, anatoka ukungu. Kitanda kilikula chumba, kabati likala kilichobaki, na hatua hiyo moja ilipatikana mahali pamoja tu, kati ya kitasa cha kabati na ukuta. Kidole alikuwa amepaegemea miaka sita hata rangi ya ukuta ikachubuka.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alisimama hapo. Kabla ya kusimama kulikuwa na kazi ya saa mbili na nusu. Kwanza maji ya moto na kitambaa, akimwogesha mama kiungo kimoja kimoja. Kisha gauni la zambarau, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipasua mgongoni toka shingoni hadi chini ili livalike kwa mtu asiyeweza kunyanyua mkono. Kisha mito mitatu nyuma, kitambaa kichwani, mkono wa kulia uliopooza ukifichwa chini ya mtandio, na uso kugeuzwa kidogo ili upande wa mdomo ulioshuka uangukie kivulini. Mwisho mama alisema, "Haya, hesabu." Kidole akahesabu moja, mbili, tatu, na mama akatabasamu.

Tabasamu hilo lilidumu kwa muda wa kuhesabu hadi nne. Ukizubaa, limekwisha, na mama ameshaanza kuteleza upande wa kulia kama gunia lililopangwa vibaya. Kwa hiyo Kidole alibonyeza, injini ndogo ya kamera ikalia zii kusogeza mkanda, kisha akaitupa kamera kitandani na kumdaka mama begani. Miaka sita hajawahi kumkosa.

Picha ilisafishwa, zikatolewa nakala tatu, zikatiwa katika bahasha tatu. Moja kwa Kaka Mkubwa, mkaguzi wa mizani katika mji wa mbali. Moja kwa Dada Mwalimu, aliyekuwa anaongoza shule mahali pengine. Na moja kwa Kitindamimba, mdogo wao, ambaye kazi yake hakuna aliyewahi kuielewa vizuri ila alikuwa na haraka nayo siku zote. Majibu yalikuwa yale yale, yakija kwa simu, kwa sauti ya watu waliokwisha kula wakashiba.

"Mama ametoka vizuri! Mbona ananenepa?"

"Mikono yako ina baraka, Kidole. Sisi wengine tungeweza wapi?"

Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa miaka sita na hakutia hata tone, na mimi nasema hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Jina la Kidole alipewa na mama mwenyewe. Kidole aliinunua kamera ile akiwa na miaka thelathini, kwa mzee mwenye studio ya picha karibu na kazini kwake, na katika mkanda wa kwanza kila picha ilikuwa na kitu chekundu kwenye pembe, kama jua linachwa ndani ya nyumba. Kumbe ni kidole chake. Kwenye kamera za aina ile unachungulia katika kijidirisha cha juu, na lenzi iko pembeni yake inatazama kivyake, kwa hiyo unaweza kuziba lenzi na usijue. Mama alizipanga picha zote thelathini na sita mezani, akacheka mpaka akashika ubavu. "Huyu kidole ndiye amependeza kuliko wote," akasema. Jina likaganda.

Baadaye alijifunza kushika kamera. Siku zile alitembea nayo mfukoni kama watu wanavyotembea na leso. Hakupiga harusi wala hakuwapanga watu mstari. Alipiga viatu vya wenzake vimejipanga mlangoni mwa kiwanda. Alipiga paka aliyelala juu ya mashine ya kukatia karatasi, kinyozi akijinyoa mwenyewe, mtu na mkewe wakigombana chini ya mwavuli mmoja bila hata mmoja kukubali kutoka. Mkanda mmoja ulimtosha miezi miwili. Jumapili alipanda basi lolote lililokuja kwanza na kushuka asikokujua. Ukimuuliza picha zote hizo za nini, alijibu, "Za kuangalia." Alikuwa na furaha, na hakujua kwamba ile ndiyo furaha, maana haikuwa na kelele.

Ndipo mama akapatwa na kiharusi, asubuhi, akichambua mchele. Ndugu wanne walikutana, wakalia, wakashauriana. Kaka Mkubwa ana watoto watano. Dada Mwalimu ana shule. Kitindamimba ana haraka. Kidole hana mume, hana mtoto, na kazi yake ya kushona na kugundisha majalada ya vitabu ni ya nusu siku. Kikao hakikufika hata chai ya pili. Hakuna aliyemwambia abaki. Walimwambia tu, "Afadhali wewe uko," naye akajikuta yuko.

Tangu siku ile kamera haikutoka nje. Kidole aliamka alfajiri, akambadilisha mama, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamwacha na Jirani wa ukuta wa pili, mjane aliyekubali kukaa naye hadi saa nane kwa sababu, alivyosema mwenyewe, redio ya mama ilikuwa nzuri kuliko yake. Saa nane na robo Kidole alikuwa amerudi. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, alimgeuza mama ubavu ili asiote vidonda vya kulala, na saa za kazini Jirani alimgeuza kwa niaba yake. Kamera ilikaa juu ya kabati ikisubiri Jumapili ya kwanza, na mkanda wa picha thelathini na sita, ambao zamani ulikuwa na mji mzima ndani yake, sasa ulikuwa na mwanamke mmoja mwenye gauni la zambarau akitabasamu mara thelathini na sita. Mkanda mmoja ulimaliza miaka mitatu. Kila mwezi mzee wa studio alikata kile kipande kimoja, akakisafisha, na kuurudisha uliobaki gizani ndani ya kamera. Alifanya hivyo kwa moyo mwema, huku akinung'unika kwamba huo si utaratibu.

Na kwa nini mama apambwe hivyo? Kwa sababu mwenyewe alitaka. "Mtoto haoneshwi mama yake akiwa uchi," alisema tangu mwezi wa kwanza. Picha za simu hakuzitaka kabisa. Alisema za simu zinafutika, na yeye si mtu wa kufutwa. Hata watoto walipokuja, mara moja kwa mwaka na kwa siku moja, walitoa taarifa wiki nzima kabla, wakamkuta amevaa, ameegemea, ameshatabasamu. Walikula, wakapiga soga, wakaondoka kabla ya saa ya kumgeuza. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini walichoona, na walichoona kilitengenezwa na Kidole kwa mikono yake miwili yenye baraka.

Basi mwaka huo Meneja wa kiwanda cha uchapaji, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwita Kidole ofisini.

"Tunafungua kiwanda kingine," akataja mji wa mbali, mwendo wa saa sita kwa basi. "Nataka mtu wa kusimamia chumba cha majalada. Mafundi kumi. Kazi ya siku nzima, nyumba ipo. Nimekutaja wewe. Nataka jibu Jumatatu ya mwisho wa mwezi, maana kuna mwingine anausubiri huo mlango."

Kidole alitoka akapitiliza meza yake, akafika hadi bohari, akasimama kati ya marobota ya karatasi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na hakuwa amekumbuka kwamba kuna mji mwingine. Aliutaka. Aliutaka kwa uchoyo, kama mtoto anavyotaka: barabara asiyoijua, basi lolote linalokuja kwanza, na kamera mfukoni. Kumchukua mama kule haikuwezekana, maana kazi ni kutwa nzima na kule hakuna Jirani. Kilichohitajika ni kimoja tu, mmoja kati ya wale watatu amchukue mama, hata kwa zamu.

Jioni ile akapiga simu, kwanza kwa mkubwa kama adabu inavyotaka.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Kidole! Picha tumeipata. Mama ametoka vizuri, bwana! Mke wangu anasema mama anaonekana mdogo kuliko mimi."

Akamweleza. Kaka Mkubwa akasikiliza, akakohoa.

"Sasa sikiliza. Mama ameshazoea hapo. Mtu mzima ukimhamisha ni sawa na kung'oa jino zima. Na tuseme ukweli, mdogo wangu, mama ni mzima. Anakaa, anacheka, anavaa. Si unampa uji asubuhi na basi?"

"Kaka, si uji tu."

"Najua, najua. Lakini mimi picha naiona hapa mbele yangu."

Dada Mwalimu alisema hayo hayo kwa sentensi ndefu zaidi. Kitindamimba alisema, "Dada, nitakupigia," na hakupiga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu wa Kidole ulikuwa umefungwa vizuri zaidi, umetiwa hadi ndani ya bahasha.

Kidole alikaa jikoni akiwa na simu mapajani. Hasira ilimpanda taratibu. Kila alipojaribu kumkasirikia Kaka alijikuta anamwona yeye mwenyewe, ameegemea kabati, anahesabu moja, mbili, tatu. Miaka sita amewapelekea ushahidi kwamba hawahitajiki. Haya, basi. Atawapelekea mwingine.

Asubuhi yake alitia mkanda mpya. Mama alikuwa bado amelala, mdomo umeshuka, mto umetota udenda, gauni la kulalia limepanda juu ya magoti yaliyobaki mifupa. Shuka ilikuwa imelowa, na mpira uliotandikwa chini yake ukionekana pembeni. Kidole aliegemea kabati na kubonyeza. Zii. Akapiga beseni chini ya kitanda. Zii. Akapiga ule mkono, umekunjamana kifuani kama mguu wa kuku. Alihisi anaiba. Hata hivyo kidole kikaendelea kubonyeza.

"Nilidhani ni nzi," mama akasema, macho yamefumba.

Kidole akashusha kamera.

Maneno ya mama yalitoka yamekunjamana, lakini yalitoka yote. Akafumbua jicho moja. "Unawapelekea akina nani? Kaka yako?"

"Mama, nisamehe. Nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Mimi nimekufa mkono, sikufa masikio. Simu yote nimeisikia." Akahema. "Huo mji una nini?"

"Sijui, mama. Sijawahi kufika."

"Ndiyo maana unautaka." Alitazama dari. Kidole alisubiri laana, au machozi, maana ndivyo alivyostahili. Badala yake mama akasema, "Sasa mbona umesimama upande mzuri? Upande huo hauumwi. Njoo huku, uwapigie huu."

Hapakuwa na nafasi ya kusimama upande ule. Kidole alipanda kitandani, akapiga magoti miguuni pa mama, mgongo ukigusa ukuta wa pili, na hatua moja ikapatikana. Mama akageuza uso wake uliokufa kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Hakutabasamu. Alimwambia Kidole avute shuka. Alimwambia apige mapaja. Alimwita Jirani, akamwagiza ashike kamera na kubonyeza wakati Kidole anamgeuza, na Jirani, ambaye hakuwahi kushika kamera, alipiga picha sita huku akilia na kuuliza kama imewaka. Picha zote thelathini na sita ziliisha siku ile ile. Zilipokwisha, mama alikuwa amechoka sana, na akaomba afunikwe hadi kidevuni.

Mzee wa studio alipozitoa picha, alizipanga juu ya kaunta bila kunung'unika. "Zimetoka kali," akasema. Kisha, "Kuna tatu zina kidole." Zilikuwa za Jirani.

Bahasha tatu zikaondoka Jumanne, picha kumi na mbili katika kila moja, na barua fupi: *Hivi ndivyo mama alivyo. Naomba mumchukue kwa zamu. Nimepata kazi.* Siku nne Kidole alifanya kazi huku akili iko kwingine. Alishona kitabu kizima kichwa chini miguu juu, akakifumua. Moyoni alikuwa ameshahama. Alijiona anafungua dirisha la nyumba ile na kuchungulia barabarani. Aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi, na akafurahi hivyo hivyo.

Simu ililia Jumapili mchana. Walikuwa wote watatu nyumbani kwa Kaka Mkubwa. Walikuwa wamesafiri kukutana, jambo ambalo hawakulifanya hata mama alipoanguka. Kidole alifungua kipaza sauti na kuiweka simu juu ya mto karibu na sikio la mama, ili asikie habari njema pamoja naye.

"Kidole," Kaka Mkubwa akasema. Hakuitikia shikamoo. "Hiki ni kitu gani umetuletea?"

"Ni mama, Kaka."

"Mama? Huyu ni mama? Mwanzo wa mwezi huu mama alikuwa amekaa, amenawiri, anacheka. Leo unatuonesha mama amelala kwenye mkojo! Umemfanya nini?"

Kidole alikuwa amefikiria kila jibu isipokuwa hilo.

"Hata mwezi haujaisha!" Dada Mwalimu alikuwa analia. "Tangu upate hiyo kazi yako ndiyo umeamua kumwacha aoze? Ili tuone huruma? Mama aliyekunyonyesha!"

"Dada, amekuwa hivyo miaka sita..."

"Usituongopee, picha tunazo! Zote tumezitunza!"

Ikawa kelele. Kitindamimba naye alikuwa anasema kitu kwa haraka. Mwishowe Kaka Mkubwa akawanyamazisha. "Mama yupo hapo? Mama, shikamoo. Mama, sema wewe mwenyewe, usimwogope mtu. Huyu anakutunza au hakutunzi? Ukisema hakutunzi, kesho alfajiri naja na gari, nakuleta kwangu, na hutarudi huko tena."

Mama alimtazama Kidole. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile moja zima, kama mtu anayesoma kipimo.

"Hanitunzi," akasema.

Kidole alidhani amesikia vibaya.

"Hanitunzi," mama akarudia, kwa nguvu. "Ananishindisha njaa. Jana nilikunywa maji tu. Hanigeuzi. Njoo unichukue."

Kwa upande wa pili Dada Mwalimu alipiga ukelele. Kidole aliinama juu ya kitanda, damu imemkimbia usoni, akidhani akili ya mama imeruka. Ndipo alipouona mkono wa kushoto, ule mzima, umenyanyuliwa kutoka shukani, unampungia aende nyuma. Nyamaza, mkono ulisema. Nyamaza hivyo hivyo. Jicho lilikuwa kavu na lenye akili zake zote.

Akaelewa. Kesho alfajiri gari litakuja. Kesho hiyo hiyo, Jumatatu ya mwisho wa mwezi, atamwambia Meneja ndiyo. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza kwa dakika mbili, tatu hivi.

"Nimekuelewa, mama," Kaka Mkubwa alikuwa anasema, sauti inatetemeka. "Kesho niko hapo. Na wewe Kidole, unanisikia? Wewe si mtoto. Wewe ni nyoka tuliyemwacha chumbani na mama yetu."

Kidole alinyamaza.

"Miaka yote hii tunakusifu mbele za watu," akasema Dada Mwalimu. "Nimewasimulia walimu wangu wote. Sasa niwaambieje? Kwamba mdogo wangu anamnyima mama chakula?"

Kidole alinyamaza. Alikuwa ameng'ata mtandio. Mama alikuwa anamtazama, mkono umebaki hewani unaanza kuchoka.

"Hata jirani angemtunza kuliko wewe," akasema Kitindamimba, ambaye katika miaka sita alikuwa amemlisha mama mara moja, keki, kwa ajili ya picha.

"Si kweli!"

Ilimtoka kabla hajajua. "Si kweli! Mama anaongopa! Tangu aanguke hajawahi kulala njaa hata siku moja! Namgeuza kila saa mbili, usiku na mchana, mgongo wake hauna kidonda hata kama punje! Mleteeni daktari yeyote amkague! Mnaniita nyoka? Muulizeni Jirani! Jirani!"

Jirani, aliyekuwa nje ya mlango akisikiliza kwa manufaa ya mtaa, aliingia mara moja. Akaishika simu kwa mikono miwili na kutoa ushahidi kwa moyo wake wote. Kama kuna binti duniani, alisema, ni huyu. Yeye ana watoto sita, na angewabadilisha wote kwa huyu mmoja na akadai chenji. Alieleza maji ya moto, uji, ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia. Alieleza gauni lililopasuliwa. Alisema kweli tupu, mwanzo hadi mwisho, na kila neno lake lilikuwa kama msumari unaoingia kwenye ubao mzuri. Kidole alisimama ameegemea kabati akitweta, na kwa muda ule mfupi alijisikia vizuri kabisa.

Jirani akairudisha simu juu ya mto. Kisha Kaka Mkubwa akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mama," akasema, tayari anacheka. "Mama jamani, utatuua kwa presha. Utani gani huu?" Akakohoa. "Kidole, mdogo wangu, tusamehe. Tulishtuka tu. Basi kama ni hivyo, tatizo liko wapi? Mama yuko kwenye mikono salama kuliko yetu. Huyo mama wa jirani amesema mwenyewe. Sisi tungeweza wapi?"

"Ila hizo picha usitume tena," Dada Mwalimu akaongeza, akipenga kamasi. "Watoto wameziona, wameshindwa kula. Tuma zile za kawaida."

Wakaaga. Jirani akaondoka akijifuta macho, ameridhika na kazi yake.

Mkono wa mama ulikuwa umeshaanguka juu ya shuka. Kidole alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, waliniita nyoka."

"Wangekuita mwezi mmoja, wakachoka." Mama aligeuza uso ukutani, polepole, kwa juhudi zote za shingo yake. "Nilikuwa na uongo mmoja tu wa kukupa, mwanangu. Umeutupa."

Kidole alilia, na mama hakumbembeleza. Hakula chochote mkononi mwake hadi kesho yake asubuhi; uji wake alilishwa na Jirani.

Jumatatu ile Kidole alikwenda ofisini kwa Meneja kabla hajafunga aproni. Alisema anashukuru sana, lakini hataweza. Meneja akavua miwani.

"Nini tena? Ndugu zako wamekataa?"

Kidole alitazama sakafu. "Mama," akasema. "Mama hataki niondoke."

Meneja alitikisa kichwa kwa huruma. Wazee ndivyo walivyo, akasema, wakishazeeka wanajipenda wenyewe tu, hawamfikirii mtoto.

"Ndivyo walivyo," Kidole akasema, akarudi kwenye gundi yake.